Viungo, Vikolezo na Vinywaji vya Moto: Historia ya Maneno Machache

Miongoni mwa karatasi zinazofika mezani petu kutaka ushauri wa istilahi, ilifika moja iliyoambatana na pakiti ndogo. Ndani ya pakiti mlikuwa na vijiti vya mdalasini vilivyokatwakatwa, karafuu nzima, iliki, vipande vya tangawizi kavu, kipande cha kungumanga, maganda ya machungwa yaliyokaushwa, na punje za rangi ya kahawia zilizofanana na pilipili manga lakini zikinukia karafuu. Bidhaa hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya wanunuzi wa Ulaya, ambao huitia katika mvinyo au maji ya matofaa wakati wa baridi. Mwenye bidhaa alitaka pakiti yake isomeke kwa Kiswahili pia, maana alinuia kuiuza nyumbani. Mfasiri aliyepewa kazi hiyo alikuwa ameandika juu yake, kwa herufi kubwa: VIUNGO VYA KUTAFAKARI.

Tulicheka sote ofisini. Neno la Kiingereza mull lina maana mbili zisizohusiana: kuliwaza jambo kwa muda mrefu, na kupasha moto kinywaji kilichotiwa viungo. Mfasiri alikuwa ameikuta maana ya kwanza, akatosheka nayo. Kisha mmoja wetu akauliza: je, sisi tungeandika nini? Kicheko kikaisha, kwa kuwa hapana aliyekuwa na jibu.

Rasimu yetu ya kwanza ilikuwa "viungo vya kuchemshia mvinyo". Tuliiridhia kwa muda wa siku mbili, na yafaa tukiri kuwa haikuwa bora sana kuliko ile ya mfasiri. Kwanza, mvinyo wa namna hii hauchemshwi. Hupashwa moto polepole hadi uanze kutoa mvuke, kisha huepuliwa kabla haujatokota, kwa sababu kileo kilichomo huchemka kwenye nyuzi 78 za sentigredi, na maji huchemka kwenye nyuzi 100. Atakayeuacha mvinyo utokote atapoteza kileo na kubakiwa na uchungu wa viungo. Pili, pakiti yenyewe haina mvinyo. Viungo vilevile hutiwa katika maji ya matunda, katika chai, katika kahawa, hata katika maziwa. Muungwana asiyekunywa kileo angelisoma neno "mvinyo" juu ya pakiti na kuirudisha rafuni, ijapokuwa ndani hamna ila mdalasini na karafuu alizonazo jikoni kwake.

Tatu, na hili ndilo lililotushtua zaidi, lipo suala la forodha. Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, viungo vimo katika sura ya 9 pamoja na kahawa na chai, na vileo vimo katika sura ya 22 pamoja na vinywaji vingine na siki. Mtumishi wa forodha asomaye hati ya Kiswahili huongozwa na neno. Tukimpa neno linalotaja mvinyo, tumempa sababu ya kuitafuta bidhaa mahali isipokuwapo, na mwenye mzigo atakaa bandarini akijieleza. Mara nyingi watu hudhani kuwa kazi ya istilahi ni pambo la lugha. Kwa mwenye mzigo huyu neno moja lingekuwa na bei.

Ikatulazimu basi kurudi nyuma na kuichunguza dhana yenyewe: watu wengine waliiitaje, na sisi tuliiitaje kabla ya kuletewa pakiti?

Katika kitabu cha mapishi cha Kirumi kinachojulikana kwa jina la Apicius, maelekezo ya mwanzoni kabisa ni ya mvinyo wa viungo. Asali huchemshwa pamoja na mvinyo kidogo, kisha hutiwa pilipili, zafarani, majani ya kunukia, utomvu wa mti na kokwa za tende zilizokaangwa, na mwishowe mvinyo mwingi huongezwa. Jina lake kwa Kilatini ni conditum, nalo limetoka katika kitenzi chenye maana ya kutia ladha. Yaani Warumi walikiita kinywaji kile "kilichokolezwa". Baadaye, katika karne za kati, Ulaya ilipenda kinywaji kilichoitwa hypocras. Wapishi wa Mfalme Richard wa Pili wa Uingereza waliandika maelekezo yake katika kitabu cha karibu mwaka 1390, na ndani yake mna mdalasini, tangawizi na karafuu. Jina hilo limetokana na tabibu wa Kiyunani Hippocrates, wala si kwa sababu alikibuni kinywaji, bali kwa sababu mfuko wa kitambaa uliotumika kukichuja ulinasibishwa naye. Basi kinywaji kikapewa jina la chujio lake! Wajerumani walifuata njia nyingine: huita mvinyo wao wa viungo Glühwein, na sehemu ya kwanza ya neno hilo ni kitenzi cha kuwaka kwa wekundu, kama makaa au chuma kilichotiwa motoni. Waswidi nao husema glögg, kutokana na kitenzi cha jamii hiyohiyo. Waingereza walikuwa pia na wassail, jina lililotokana na salamu ya kale ya kumtakia mtu afya njema. Salamu ikageuka kuwa kinywaji. Asidhani msomaji kuwa hayo ni ya ajabu. Katika hoteli za Kenya, ukiagiza "dawa" utaletewa tangawizi, ndimu na asali katika maji ya moto, na hapana mhudumu atakayekuuliza unaumwa nini.

Twaona basi kwamba dhana moja imepewa majina kwa njia nne: kwa kukolezwa, kwa chujio, kwa moto, na kwa dua ya afya. Jambo hili lina manufaa kwa mwunda istilahi, kwa sababu laonyesha kuwa hatulazimiki kulifuata neno la Kiingereza, ambalo katika orodha hii ni moja tu, tena lenye kuficha zaidi ya linavyoonyesha.

Sasa na tutazame majina ya viungo vyenyewe katika Kiswahili, maana yana somo lake. Maneno haya yaliingia pamoja na upepo wa kaskazi uliokuwa ukileta majahazi pwani yetu, na aghalabu hutueleza njia iliyopitwa na bidhaa wala si shamba ilikoota. Pilipili manga ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Manga kwa Waswahili ni nchi ya Waarabu, hasa Omani. Lakini mpilipili manga haukuota Omani. Asili yake ni Malabari, magharibi ya Bara Hindi. Waliotuletea walikuwa Wamanga, na jina likabaki la mchukuzi. Hali kadhalika kungumanga, yaani kungu ya Manga, ambayo asili yake ni visiwa vya Banda huko Indonesia, mbali mno na Maskati. Tunda hilohilo limetupa neno jingine, basibasi, ambalo ni utando mwekundu unaoizunguka kokwa, nalo ni la Kiarabu. Mfasiri aangalie hapo: kungumanga na basibasi ni viungo viwili katika tunda moja, vina bei mbili na harufu mbili, na kuviandika kwa neno moja ni kosa.

Mdalasini umepitia Kiarabu na Kiajemi, na ukiutafuta mzizi wake wapata "mti wa Uchina". Kwa upande mwingine, mfanyabiashara aliyeandika kwa Kiyunani ule mwongozo wa safari za Bahari ya Hindi katika karne ya kwanza B.K., ambamo pwani yetu imetajwa kwa jina la Azania, alidhani kwamba mdalasini huota katika Pembe ya Afrika, kwa kuwa aliununua katika bandari za huko. Mfanyabiashara mwerevu, mwenye kujua bei ya kila kitu, alikosea kwa sababu ileile iliyotupa "manga": alimjua aliyemwuzia, hakumjua mkulima.

Karafuu ina habari ndefu zaidi, nasi hatuwezi kuipita haraka, kwa sababu ndiyo kiungo kinachotufunga na bakuli la Wazungu. Kwa Wafaransa jina lake ni msumari, na Waingereza waliliazima hilo. Wachina nao walitaja msumari unaonukia. Sisi tulichukua la Kiarabu. Mti wenyewe ni wa visiwa vya Maluku, na Waholanzi waliulinda kwa ukali wakitaka biashara yote iwe yao. Mnamo 1770 miche ilifikishwa Morisi kwa juhudi za Mfaransa Pierre Poivre, ambaye kwa sadfa jina la ukoo wake maana yake ni pilipili. Kutoka visiwa vile vya Wafaransa mkarafuu ukaletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Mwarabu wa Omani, Saleh bin Haramil, ametajwa katika historia kuwa mmoja wa walioupanda mwanzo, na Sayyid Said bin Sultan akawahimiza wenye mashamba waufuate. Kufikia miaka ya 1840, karafuu za Unguja na Pemba zilikuwa zikitoka kwa wingi kiasi cha kushusha bei.

Mashamba hayo yalilimwa na watumwa. Mwaka 1843 Charles Dickens alikitaja kinywaji cha moto cha mvinyo na viungo mwishoni mwa hadithi yake maarufu ya Krismasi, pale tajiri bahili anapoahidi kuketi na karani wake mbele ya bakuli linalofuka moshi. Katika miaka hiyohiyo mchumaji wa Unguja alikuwa mtu mwenye kumilikiwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hali yenyewe ya utumwa haikufutwa katika sheria mpaka 1897. Katikati ya hayo, mwaka 1872, kimbunga kiliivunja mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikatangulia. Haya si ya kuandikwa juu ya pakiti, lakini mwalimu anayeeleza darasani neno "karafuu" ana haki ya kuyajua.

Biashara hiyo imetuachia pia msamiati ulio hai. Karafuu ni tumba la ua lililochumwa kabla halijachanua. Huchambuliwa kutoka katika vikonyo vyake, kisha huanikwa juani. Vikonyo vilivyokaushwa huitwa makonyo, nayo hukamuliwa mafuta. Tulipoifungua ile pakiti tuliona makonyo kadhaa yamechanganyika na karafuu. Mtu wa Pemba angeliyatambua mara moja na kulalamika. Mfasiri wa mjini asiye na neno lake hana hata la kulalamikia.

Sasa tufike jikoni. Neno "kiungo" limetokana na kitenzi kuunga, na ndiyo maana viungo vya mwili na viungo vya mchuzi ni neno moja. Lakini kuunga katika mapishi kuna maana yake maalumu: huungwa mchuzi, huungwa maharage, kwa vitunguu, kwa nyanya, kwa nazi. Hatukumsikia mtu yeyote akisema ameunga chai. Tulipowauliza wenzetu wa pwani wanasemaje wakitia iliki na tangawizi katika chai, wengi walisema "kutia" tu, na baadhi walisema "kukoleza". Chai ikiwa imepata sukari, majani na viungo kwa kadiri inayotakiwa, husemwa imekolea.

Neno hilo lilitusimamisha. Kukoleza ni kuifanya ladha ifikie kadiri yake. Na kukoleza moto ni kuuchochea uwake vizuri. Twasema chumvi imekolea, twasema na moto umekolea. Warumi walikiita kinywaji hiki kwa ladha, Wajerumani wakakiita kwa moto, na Kiswahili kilikuwa na kitenzi kimoja kinachoshika ladha na moto pamoja, nasi tulikuwa tumeketi ofisini tukiunda "viungo vya kuchemshia mvinyo".

Walikuwapo waliopendekeza tuliache jambo lote kwa neno masala, ambalo limeenea katika maduka ya Tanzania na Kenya, hasa katika "masala ya chai". Hatulipingi. Ni neno la Kihindi lililotokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mambo yenye kufaa, na ndugu yake limo katika Kiswahili kwa umbo la "maslahi", kwa hiyo mtumishi anayedai maslahi yake na mpishi anayetia masala wanatumia mzizi mmoja. Hata hivyo masala kwa mnunuzi wa kwetu ni unga uliosagwa. Mtu hutia kijiko katika sufuria ya chai ya maziwa, akaiacha itokote. Vitu vya pakiti ile havisagwi, na kuna sababu: unga hauchujiki vizuri na hukitia kinywaji matope. Vijiti na punje nzima huachia ladha taratibu katika kinywaji cha moto, kisha hutolewa. Muuza kahawa wa Unguja au Mombasa aliijua kanuni hii bila kuisoma. Tangawizi yake aliiponda kwenye kinu ikabaki vipande, akaitia deleni, na akamimina kahawa safi katika vikombe vidogo huku mnywaji akitafuna kashata.

Imebaki ile punje ya kahawia. Ni tunda kavu la mti uotao Jamaika na Amerika ya Kati. Wahispania walipoliona walikuwa wakitafuta pilipili, wakaliita pilipili. Waingereza walilinusa wakaona lina karafuu, mdalasini na kungumanga kwa pamoja, wakalipa jina linaloashiria viungo vyote. Huu ni mtego ambao tumewaona wafasiri wengi wakinasa. Katika tafsiri moja ya mapishi tulisoma: "tia nusu kijiko cha viungo vyote". Msomaji wa maneno hayo atatia nusu kijiko cha kila alichonacho kabatini. Twapendekeza pilipili ya Jamaika, kama wafanyavyo Wafaransa na Wajerumani. Mwenzetu mmoja alipinga kuwa hiyo si pilipili. Ni kweli; lakini pilipili hoho nayo si ya jamii ya pilipili manga, imetoka Amerika, na Kiswahili kiliipokea katika jina hilo zamani bila kuomba radhi kwa wataalamu wa mimea.

Kwa pakiti nzima tulimjibu mwenye bidhaa aandike "vikolezo vya vinywaji vya moto", na chini yake ataje viungo kimoja kimoja kwa majina yake ya sokoni. Kwa kitendo chenyewe twapendekeza "kukoleza kinywaji", na kwa kinywaji kilichokwisha kutengenezwa, "mvinyo uliokolezwa", "maji ya matofaa yaliyokolezwa", na kadhalika. Neno "viungo" libaki kuwa la jumla, kama lilivyo. Mwenye bidhaa alituuliza kama "vikolezo" haitadhaniwa kuwa ni chumvi na pilipili za mezani. Pingamizi hilo lina uzito, na ndiyo maana maneno "vya vinywaji vya moto" hayafai kuachwa hata pale nafasi ya kuandikia inapokuwa finyu.

Kuna kitu kimoja hatujakipatia jina la kuturidhisha. Ndani ya pakiti mlikuwa na kitambaa chembamba cheupe chenye uzi, cha kufungia vikolezo kabla ya kuvitumbukiza katika kinywaji, ndugu wa ule mfuko wa Hippocrates. Kwa sasa tumeandika "kifuko cha vikolezo", lakini twaamini kwamba mahali fulani pwani, ambako watu hufunga mdalasini na iliki katika kitambaa ili visitawanyike katika sufuria, lipo neno tayari. Msomaji aliye Pemba, Tanga, Mafia, Lamu au kwingineko anayelijua atuandikie, na aeleze pia kifundo hicho hufungwaje na hutolewa lini.